Sampuli Namba Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza, na mimi nimerudi kazini, wiki tatu baada ya kumzika mume wangu. Mlinzi wa getini alivua kofia, akasema, "Pole sana, Mama Pua," akaivaa tena haraka maana alikuwa analowa. Kiwandani wote wananiita hivyo. Miaka kumi na tisa sasa hakuna gunia la kahawa linaloingia wala kutoka pale bila pua yangu kulipitisha.

Sijanusa kitu tangu wiki ya mazishi. Nilishikwa na mafua makali na homa ya siku tano, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Daktari alisema huenda zikarudi, huenda zisirudi, ningoje. Sijamwambia mtu mwingine. Naandika hapa ili angalau daftari lijue.

Jumanne, 4 Machi
Mvua. Mama mkwe ananipa salamu tu, basi.

Alhamisi, 6 Machi
Meneja katuita watatu: mimi, Fundi anayekaanga, na Miwani, mwonjaji wa pili. Kampuni inataka kuuza kahawa ya uyoga. Fundi akauliza kama uyoga unakaangwa na vitunguu au bila. Tulicheka wote, na mimi nilicheka pale walipocheka wao.

Meneja akaeleza. Uyoga unakaushwa, unatolewa dawa yake kwa maji ya moto, unasagwa, unachanganywa na kahawa. Watu wanataka kitu chenye kafeini kidogo, kinachotuliza, kinachosaidia kumbukumbu na kinga ya mwili. Wauzaji wanne wameleta sampuli. "Mama Pua atachagua," akasema, "na ataandika karatasi ya faida zake. Akishatia sahihi, mimi sina neno." Nilisema sawa. Nilisubiri nione kama moyo utaenda mbio, haukwenda.

Jumatano, 12 Machi
Wiki nzima nasoma habari za uyoga. Kuna mweupe wenye nyuzi ndefu kama ndevu za mzee, huo unasifiwa kwa ubongo. Kuna mwekundu mgumu kama ubao, huo kwa usingizi na kinga. Ukisoma matangazo utadhani hakuna haja ya hospitali. Ukisoma tafiti zenyewe, nyingi zimefanywa kwa panya au ndani ya vichupa, na za watu ni chache, watu thelathini hapa, hamsini pale, kwa wiki kadhaa. Lililo wazi ni kwamba kafeini ni kama nusu, kwa sababu kahawa yenyewe ni nusu. Na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, au za sukari, au mwenye figo mbovu, amuulize daktari kwanza.

Meneja alitaka niandike "hukinga magonjwa". Nikamwambia panya ndio waliokingwa. Akasema panya nao ni wateja. Ni mtu mzuri, ila ulimi wake unatangulia.

Alhamisi, 13 Machi
Niliunguza mkate. Mama mkwe alikuja mbio kutoka chumbani na kuzima jiko. Alinitazama, akarudi chumbani.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua. Kazini nilitia sahihi magunia sita kwa kumtazama Fundi. Akinusa moshi wa kahawa nzuri hulegeza mabega. Mabega yalilegea mara sita.

Ijumaa, 21 Machi
Leo tumeonja uyoga.

Lazima nieleze meza yetu, maana bila hivyo hata mimi nikisoma baadaye sitajielewa. Vikombe vitano kwa kila sampuli. Maji ya moto, dakika nne, kisha unavunja utando wa juu kwa mgongo wa kijiko na kuinamisha pua. Halafu unavuta kijiko kimoja mdomoni kwa kelele, unatema ndooni. Hakuna kusema, hakuna kukunja uso, hakuna hata kuguna. Kila mtu anaandika kwa penseli, kisha tunasoma kwa sauti. Zamani aliyeanza kusoma alikuwa mdogo kwa cheo. Mimi ndiye niliyegeuza miaka sita iliyopita, nikasema nianze mimi ili tusichelewe chakula cha mchana. Tangu hapo mkutano wetu umekuwa mfupi, na kila mara tunakubaliana. Nilikuwa najivunia jambo hilo.

Nikainama. Mvuke ulinipiga usoni, joto tupu. Ulimi wangu bado unajua chungu, chachu, tamu na chumvi, na mdomo unajua kinywaji kizito na chepesi. Namba moja ilikuwa na uchachu mkali. Namba mbili chungu mpaka nyuma ya koo. Namba nne nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Namba tatu ilikaa mdomoni vizuri, nzito, uchungu wa wastani. Upande wa harufu niliandika maneno niliyoyasoma kwenye makaratasi ya muuzaji: udongo wa msituni baada ya mvua. Uyoga unatakiwa unuke hivyo.

Nikasoma wa kwanza. Miwani alikuwa ameinamia karatasi yake muda mrefu, nikamsikia akifuta kitu kwa ufutio. Zamu yake ilipofika akasoma, "Udongo wa msituni." Fundi akasema, "Mimi uyoga siujui, naunga mkono." Nikatia sahihi namba tatu.

Nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni. Nilijua nimefanya kitu kibaya, kama mtu anavyojua tarehe.

Jumapili, 23 Machi
Mvua mchana kutwa. Wifi amepiga simu kuuliza kama mama yake anakula. Nikasema anakula. Akauliza kama mimi nakula.

Jumanne, 1 Aprili
Kila mfanyakazi kapewa kopo moja la kahawa ya uyoga aende nayo nyumbani, anywe mwezi mzima, alete habari. Makopo arobaini. Shehena ya madukani inatoka mwanzoni mwa Mei. Karatasi ya faida niliyoandika imebandikwa nyuma ya kopo kwa herufi ndogo. Meneja alikata sehemu ya panya. Ile ya kumuuliza daktari nilikataa katakata isikatwe, akaniachia.

Langu nimeliweka juu ya kabati la jikoni. Mama mkwe hakuuliza ni nini.

Jumatano, 9 Aprili
Habari zinaanza kuja. Mama wa usafi anasema goti limeacha kulia. Dereva anasema amekumbuka alipoweka ufunguo uliopotea mwaka jana. Kijana wa stoo, ambaye ana miaka arobaini na tano na bado tunamwita kijana, anasema mkewe ameacha kumgombeza, lakini hakumbuki kama ni yeye anayekunywa au mke. Mlinzi yeye hakutania. Alisema mke wake, ambaye miguu imekufa ganzi na hatoki kitandani, sasa analala. "Mama Pua, Mungu akulipe," akasema.

Nilirudi mezani kwangu. Pengine pua haina kazi kubwa kama nilivyodhani. Pengine nimechagua vizuri.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua.

Jumanne, 15 Aprili
Mvua. Miwani aliuliza kama naumwa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Hakuna, mama," akafuta miwani.

Jumapili, 27 Aprili
Nitaandika yote, hata kama mkono utachoka.

Kahawa ya kawaida ilikuwa imeisha nyumbani. Nilipotoka bafuni nilimkuta mama mkwe jikoni, amefungua lile kopo, amejichemshia kikombe. Alipiga funda moja, akatema kwenye sinki, akasukutua mdomo mara mbili.

"Hii imevunda," akasema. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyonipa tangu mazishi.

"Ndivyo uyoga unavyonuka, mama."

"Mimi nimekula uyoga kabla mama yako hajaota meno. Uyoga haunuki hivi. Huu ni ukungu. Unanuka gunia lililolowa likalaliwa na paka." Akanisogezea kikombe chini ya pua. "Nusa."

Nikanusa. Nikasema, "Labda kidogo."

Alinitazama kwa muda. Anajua kutazama yule mama. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza miaka thelathini, na mwongo anamjua kwa kuona masikio tu. "Fumba macho," akasema. Nikafumba. Sikujua kwa nini nilitii. Nikasikia mlango wa kabati la chini, kizibo kikifunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Sijui, mama."

"Vuta pumzi."

Nikavuta. "Maji?"

"Mafuta ya taa," akasema. Nilipofungua macho chupa ilikuwa imenigusa karibu na mdomo. Aliifunga, akaiweka chini, akavuta kiti na kukaa. "Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

"Wiki ya mazishi."

"Wiki ya mazishi."

Mvua ilikuwa inapiga bati na mimi nilikuwa nahesabu vigae vya ukuta. Nilidhani atauliza habari ya kazi yangu. Akasema, "Kwa hiyo zile nguo."

"Nguo zipi?"

"Za mwanangu. Ulizifua zote siku ya nne. Mashati, suruali, mpaka foronya. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili, nasikia unasugua. Nikasema moyoni, huyu mwanamke hana hata wiki, anamfuta mwanangu kwa sabuni. Nilitaka nibaki na hata shati moja. Hukuniuliza."

Nilimwambia jinsi ilivyokuwa, na ndiyo mara ya kwanza naisema. Siku ile nilifungua kabati, nikachukua shati lake la kazini lililokuwa halijafuliwa, nikaliweka usoni. Halikuwa na kitu. Nikachukua lingine, na lingine, na foronya. Sikujua bado kwamba ni pua. Nilidhani ndivyo inavyokuwa, mtu akiondoka anaondoka na vyake vyote, hata jasho. Basi zikawa nguo chafu tu, nikazifua.

Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Alilia, kwa sauti ndogo, bega likitikisika. Mimi nilimtazama. Nilitaka kulia naye na sikuweza, nikamletea maji ya kunywa. Alipotulia akasema, "Mkwe, mimi nimekubebea kinyongo miezi miwili na nusu kwa kosa ambalo hukulifanya. Nisamehe."

"Hata mimi nisamehe, mama."

"Mimi nishapona. Sasa sema, hilo kopo wamepewa wangapi?"

"Arobaini."

"Na sahihi ni ya nani?"

Hakungoja nijibu. Alimwaga kahawa yote kwenye mfuko wa takataka, akafunga mafundo mawili. "La kuvunda halina ubani, mwanangu. Kesho asubuhi utakwenda kusema, na kama hutasema wewe nitakuja mimi na mwavuli wangu."

Jumatatu, 28 Aprili
Nimesema.

Nilianza na Miwani. Nilimuuliza kama siku ile alinusa ukungu. Akafungua droo na kutoa karatasi yake ya Machi. Chini ya "udongo wa msituni" penseli ilikuwa imefutwa vibaya, na maandishi ya kwanza yalionekana wazi: ukungu, kataa. "Ulivyosoma wewe nikajua nimekosea mimi," akasema. "Uyoga sikuwahi kuuonja. Nikasema, kama Mama Pua kapitisha, basi ndio harufu yake." Nikamuuliza Fundi. Alisema alipofungua gunia la kwanza alirudi nyuma hatua mbili. "Nikadhani ndiyo dawa yenyewe. Dawa nzuri haijawahi kunuka vizuri."

Kwa hiyo pua mbili nzima zilijua, na ile mbovu ndiyo iliyosikilizwa. Sheria ya kuanza kusoma mimi niliiweka mimi.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa nini hukusema?" Nikamjibu kwamba mimi sina kazi nyingine, pua ndiyo kazi. Akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungetuumbua sote." Alisema bila ukali, na ningependa angekuwa mkali. Alituma sampuli maabara. Alisimamisha shehena. Kisha akaniambia mambo mawili. Kuanzia leo Miwani ndiye mkuu wa meza. Na makopo arobaini nitayakusanya mimi, kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, kila mtu nimweleze kwa mdomo wangu.

Nilijiuliza kama inauma. Iliuma kidogo, mbali, kama jino lililopigwa sindano.

Ijumaa, 2 Mei
Maabara imejibu. Ukungu, na si kidogo. Fundi amekwenda kwenye ghala la muuzaji, paa linavuja juu ya magunia ya uyoga.

Jumatano, 7 Mei
Makopo kumi na tisa. Nachukua la uyoga, naacha paketi ya kahawa ya kawaida. Mvua inaninyeshea na viatu vimefunguka mbele. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo gumu. Mama wa usafi hakutaka kulitoa. Nilimwambia lina ukungu. Akasema, "Basi huo ukungu ndio unatibu goti." Nilimweleza kwamba goti lilitulia kwa sababu nyingine, pengine kwa sababu aliliangalia. Akasema, "Nimeliangalia miaka kumi na moja, Mama Pua." Mwishowe akanipa.

Hakuna aliyeumwa, isipokuwa dereva aliyeharisha siku mbili na kudhani anasafishwa mwili.

Jumatatu, 12 Mei
Makopo thelathini na nane, na langu la thelathini na tisa. Meza imeanza na sampuli mpya za wauzaji wengine. Miwani amerudisha utaratibu wa zamani, mdogo anasoma kwanza. Sasa mdogo ni mimi. Ninasoma uchungu na uzito tu, na penye harufu nachora mstari. Asubuhi mama mkwe ananinusia maziwa kabla sijachemsha, na ananiambia yakoje bila kuulizwa.

Alhamisi, 15 Mei
Mlinzi anasema kopo atalileta kesho, na anaondoka kabla sijamweleza kwa nini nalitaka. Alisema hivyo na jana, na juzi.

Jumamosi, 17 Mei
Mvua imepungua. Nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa mlinzi, yeye akiwa zamu getini. Anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la mikate. Mkewe alisema pita, mlango uko wazi. Alikuwa ameegemea mito miwili, nywele zimesukwa vizuri, blanketi hadi kiunoni. Kopo lilikuwa juu ya stuli pembeni.

"Umefuata kopo," akasema.

"Ndiyo, dada. Kahawa yake imeharibika. Nilitia sahihi bila kujua. Ina ukungu."

"Najua. Siku ya kwanza tu nilijua."

"Sasa kwa nini uliinywa?"

"Nani kakwambia nimeinywa?" Aliinua pembe ya blanketi, akanionyesha beseni chini ya kitanda. "Akishatoka kwenda kazini namwaga humo. Jirani ananisaidia kwenda kumwaga nje."

Nilikaa kwenye kiti. Nilimwambia kwamba mumewe anasimulia kiwanda kizima jinsi anavyolala.

"Nalala kweli," akasema. "Wewe sikiliza. Miaka ishirini na sita ya ndoa huyu bwana hajawahi kunichemshia hata maji. Si mbaya, hakufundishwa tu. Uliposema kwenye karatasi inasaidia usingizi, ameanza kuamka alfajiri. Anapima kijiko, anasoma tena maandishi yako na tochi, anakoroga, anapoza kwa kumimina kikombe hiki na hiki. Halafu anakaa hapo ulipokaa, ananitazama mpaka nipeleke kikombe mdomoni. Tunaongea. Hatukuwa tunaongea. Tangu aanze, nalala." Akashusha sauti. "Ukimwambia ni mbovu ataacha, na atajilaumu kwamba alikuwa ananipa sumu. Ndiyo maana analikalia. Anaogopa utamwambia haifai."

Nimesoma makaratasi mengi kuhusu faida za kinywaji hiki na hilo halikuwa humo.

"Na wa kwako?" akauliza. "Alikuwa anakutengenezea?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa namtengenezea. Kila asubuhi. Alikuwa anapenda iwe nzito."

"Sasa unamtengenezea nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na badala ya jibu kikatoka kilio. Kilitoka vibaya, kwa kelele, kama vile tunavyovuta kahawa mezani. Nililia nimeinama mpaka magotini. Nilimlilia mume wangu, wiki kumi na nne tangu nimzike, kwenye chumba cha mtu nisiyemjua vizuri. Yule dada hakuniambia ninyamaze. Alinishika kifundo cha mkono, akakishika tu, muda wote.

Nilipoweza kusimama nilimimina ile mbovu kwenye mfuko wangu. Nikaosha kopo kwa maji ya ndoo, nikalikausha vizuri kwa kitambaa, nikafungua paketi ya kahawa safi na kulijaza mpaka pale lilipokuwa limefika. Nikageuza ile karatasi yenye maandishi yangu iangalie mlango, ili mumewe aione akiingia.

Akaomba alishike kwanza, nikampa. Alilifungua, akaliinamia, akavuta pumzi ndefu akiwa amefumba macho.

"Hii nitainywa," akasema.